Kiwanja Kinapokataa Msingi: Dalili, Sababu na Tiba, kutoka Nakuru hadi Nyanda za Kano

Nyufa nyingi ninazoitwa kuzitazama kwenye kuta za nyumba mpya hazikuanzia ukutani. Zilianzia ardhini, majuma machache kabla ya jiwe la kwanza kulazwa, wakati mwenye kiwanja alipokuwa na hamu ya kuona mitaro imechimbwa na fundi alipokuwa na haraka ya kumaliza ili aende kazi nyingine. Kufikia siku ufa unapojitokeza juu ya dirisha, gharama ya kuutibu huwa imezidi mara nyingi gharama ya shimo moja la majaribio ambalo vibarua wawili wangelichimba kwa asubuhi moja.

Maelezo haya yametokana na malalamiko yanayojirudia kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi mwa Kenya, ambako safari ya saa chache tu hukutoa kwenye jivu la volkano, ikakupitisha kwenye udongo mweusi wa nyanda za ziwa na kukufikisha kwenye majabali ya Maragoli. Ushauri uliofaa Kiamunyi, Nakuru, unaweza kuiharibu nyumba ya Ahero, kwenye nyanda za ziwa. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, pamoja na kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya mwenyewe. Pale ambapo kuendelea ni kuhatarisha maisha au mali, nimeandika kwamba kazi isimame.

Kipimo kinachotangulia vyote

Karibu kila dalili iliyo hapa chini huchunguzwa kwa kuchimba mashimo ya majaribio. Yasipungue matatu, mawili kwenye pembe zinazokabiliana za mahali nyumba itakaposimama na moja katikati, na yafike angalau nusu mita chini ya kina kinachokusudiwa cha msingi. Udongo unaotoka upangwe kwa mafungu kando ya shimo, kila fungu kwa kina chake, ili uone mahali rangi na ugumu vinapobadilika. Usiku yafunikwe kwa mabati na kuzungushiwa uzio ili watoto na ng'ombe wasitumbukie, kisha yatazamwe tena asubuhi. Shimo linalozidi kimo cha kifua lisichimbwe na mtu aliye peke yake.

Ukiweza, kione kiwanja mvua ikinyesha, ama katika mvua ndefu za Machi hadi Mei ama katika zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Viwanja vingi vya bondeni huuzwa Januari na Februari, na sidhani kwamba ni bahati tu.

Dalili: ardhi ina nyufa wakati wa kiangazi na hunasa viatu wakati wa masika

Mwezi wa Februari ufa ni mpana kiasi cha kupitisha vidole, na mwezi wa Aprili ardhi hiyohiyo imevimba, inateleza, na kila hatua huondoka na donge zito la tope. Katika nyanda za Kano karibu na Kisumu, kuanzia Nyamasaria kuelekea Ahero, na kwenye sehemu za chini za Nyalenda, sababu ya kwanza huwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuita bleki kotoni. Chembe zake hunywa maji na kuvimba, na zikikauka husinyaa, kwa hiyo nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Haiinuliwi kwa usawa, kwa sababu udongo ulio chini ya katikati ya nyumba hubaki na unyevu wake huku ule wa kingoni ukikauka, na hapo ndipo kuta hupasuka kwa mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha.

Mara chache zaidi weusi huo ni mboji tu ya shamba la zamani la miwa au mahindi, na sentimita thelathini chini yake ardhi ni nyekundu na imara. Mara chache kabisa ni tope laini lililoachwa na mafuriko ya mito ya Nyando au Nzoia, ambalo halivimbi sana lakini hudidimia likibebeshwa uzito.

Kuzitenganisha sababu hizi hakuhitaji maabara kwa kuanzia. Chukua udongo wenye unyevu kutoka kina cha mita moja, uuviringishe kwa viganja mpaka upate uzi wa unene wa milimita tatu hivi, kisha uupinde. Ukikubali kuwa pete bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Halafu kausha udongo mwingine, uuponde, ujaze thuluthi moja ya chupa ya kioo, tia alama, umimine maji taratibu na uache hadi kesho yake. Udongo wa mboji na wa mchanga hubaki karibu na alama, ilhali bleki kotoni hupanda juu yake waziwazi.

Ikiwa ni bleki kotoni na unene wake haupiti mita moja au moja na nusu, dawa inayojulikana ni kuuondoa wote mpaka kwenye tabaka gumu, kisha kujaza maramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa kwa matabaka. Kosa linalojirudia hapa ni kuuondoa kwenye mitaro ya msingi peke yake. Kuta husimama vizuri, lakini sakafu iliyolazwa juu ya udongo mweusi uliobaki vyumbani huinuka katikati, milango hukwama na vigae hubanduka. Uondolewe chini ya nyumba nzima, na kama mita moja zaidi nje ya kuta za nje, wala usirudishwe kiwanjani kwa jina la kusawazisha.

Fanya hesabu kabla ya kumwita mwenye tingatinga. Nyumba ya mita 9 kwa 12, ikiongezewa mita moja kila upande, ni mita 11 kwa 14, na kwa kina cha mita moja utatoa mita za ujazo 154. Udongo ukishachimbwa huvimba kwa robo hivi, kwa hiyo utakaobebwa unapita kidogo mita za ujazo 190. Kwa tipa ya mita za ujazo kumi, hizo ni safari zipatazo ishirini za kutoa udongo, na safari za kuleta maramu hazitakuwa pungufu. Wajenzi wengi huanza kazi wakiwa wamepanga bajeti ya safari tano, na zile zilizobaki ndizo huwafanya waamue kwamba udongo wao si mbaya kiasi hicho.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilimsaidia mtu kupima kiwanja kizuri upande wa Ahero, kikavu, tambarare, chenye nyasi fupi. Mzee wa jirani alitutazama tukikaza kamba, akauliza, "Mwanangu, nyumba itakaa hapo?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Mwezi wa nne hapo tunavua kamongo." Tulicheka. Hatukuchimba hata shimo moja, na Aprili ilipofika kambi ya mafundi ilikuwa majini hadi magotini. Tangu siku hiyo jirani mwenye umri mkubwa humtangulia mhandisi katika orodha yangu ya watu wa kuulizwa.

*Kazi isimame* ikiwa mashimo yamefika mita mbili na udongo mweusi haujaisha, au ikiwa unaisha pembe moja na kuendelea pembe nyingine. Hapo uamuzi ni kati ya msingi wa bamba zima la zege lenye nondo na nguzo zinazoteremshwa hadi tabaka gumu, na uamuzi huo ni wa mhandisi wa miundo aliyesajiliwa baada ya kupimwa kwa udongo. Fundi anayesema ataongeza nondo mbili na mambo yatakuwa sawa asisikilizwe.

Dalili: mitaro inajaa maji

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo ni maji ya mvua yanayotoka barabarani au kwa jirani aliye juu. Huja mvua ikinyesha tu, huwa na rangi ya udongo, na ukiufuata mkondo wake utaiona njia yake kwenye nyasi. Kabla ya mtaro wa msingi chimba mtaro wa kukinga upande wa juu wa kiwanja, uyapeleke maji kwenye mfereji wa umma. Kuyaelekeza kwa jirani wa chini ni kuanzisha kesi.

Sababu ya pili ni kwamba maji ya mvua yaliyoingia hayana pa kutokea, kwa kuwa sakafu ya mtaro ni mfinyanzi. Yachote yote kwa ndoo, funika mtaro, na utazame kesho yake. Yasiporudi, kwangua tope lote laini mpaka ufikie ardhi isiyozama chini ya kisigino, kisha mimina zege jembamba la kusafishia, sentimita tano hivi, siku hiyohiyo. Zege la msingi likimwagwa juu ya tope hukaa juu ya mto laini, na mto huo utabonyea nyumba ikiongezeka uzito.

Maji yakirudi usiku bila mvua, yakiwa maangavu, na yakasimama kimo kilekile katika mashimo yote matatu, umefikia maji ya ardhini. Haya ni ya kawaida karibu na Ziwa Victoria, ambalo mwaka 2020 lilipanda kuliko rekodi yake ya mwaka 1964, na pia kandokando ya Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka na ambalo limetanuka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi kulifunika lango kuu la zamani la hifadhi. Kupampu hakuwezi kulishinda ziwa. Dawa ni kuinua sakafu ya nyumba, kupunguza kina cha msingi kwa usanifu wa mhandisi, na kuliacha wazo la choo cha shimo, kwa kuwa uchafu utaelea kwenye maji yaleyale ambayo visima vya majirani hunywa.

Maji yanayobubujika mahali pamoja tu, mashimo mengine yakiwa makavu, ama ni chemchemi ama ni bomba lililopasuka. Funga mita za maji za jirani kwa idhini yao kwa saa moja, uone kama mtiririko utapungua. Ikiwa ni chemchemi, usiizibe, kwa kuwa itatokea chini ya chumba cha kulala.

*Kazi isimame* ikiwa unapampu mtaro wenye mchanga karibu na nyumba ya mtu, kwa sababu pampu huvuta mchanga pamoja na maji na inaweza kuuacha msingi wake ukining'inia. Isimame pia ikiwa kiwanja kimepakana na mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira zilikataza ujenzi kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kuhesabiwa kutoka kimo cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Anayepima kutoka ukingo wa maji wa Februari amekwisha kukosea.

Dalili: ardhi imebonyea au shimo limefunguka ghafla

Dalili hii huwatisha watu wa Nakuru kuliko wengine wote, na wana haki ya kuogopa, ingawa sababu yake ya kawaida si ya kutisha. Mara nyingi ni shimo lililochimbwa na binadamu, yaani choo cha zamani, kisima kilichokauka, shimo la takataka au shimo la kuchimba mawe, lililofukiwa kwa matawi na udongo usioshindiliwa. Takataka zikioza na mvua ikipenya, ardhi hubonyea. Kabla ya kuchimba chochote, waulize waliokuwa wakiishi hapo, na katika maboma ya Waluo na Waluhya uulize waziwazi kuhusu makaburi, maana si yote yaliyowekewa saruji. Kisha tembea kiwanja chote na mtaimbo, ukiudondosha kila hatua mbili. Mahali penye uvungu hutoa sauti nzito tofauti, au chuma huzama chenyewe.

Shimo la namna hiyo likipatikana, lisifukiwe kutoka juu. Choo kinyonywe na kuondolewa takataka zote kwa wahudumu wenye vifaa, kisha kijazwe mawe na maramu kuanzia kwenye ardhi ngumu ya chini, tabaka kwa tabaka. Mtu asishuke kamwe ndani ya choo au kisima cha zamani, hata kwa kamba, kwa sababu hewa ya humo inaweza kumwangusha kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka vilevile. Mifupa ya binadamu ikionekana, acha kila kitu kilipo na umjulishe chifu na polisi. Kuihamisha kunahitaji idhini ya kisheria, mbali na yale ambayo familia itataka yafanywe.

Sababu ya pili ni ya Nakuru hasa. Sehemu kubwa ya jiji na viunga vyake imekaa juu ya jivu na pumisi (mawe mepesi yenye matundu) kutoka volkano ya Menengai, vitu vyepesi ambavyo vikiwa vikavu husimama wima kama ukuta na vikipitiwa na maji mengi husombwa kama unga. Mfereji wa barabara unaovuja au shimo la maji machafu lililokaribiana na nyumba huweza kuchimba njia chini kwa chini bila dalili yoyote juu, mpaka dari ya njia hiyo inapoanguka. Uchunguzi wake huanza kwa kutafuta maji yanakoingia. Ukiona mvua inatokomea kwenye ufa au tundu badala ya kutiririka, usilifukie tundu hilo na kuendelea, bali yageuze maji kwanza.

Sababu ya nadra ni ufa wa kijiolojia wenyewe. Bonde la Ufa limejaa nyufa za kale zilizofunikwa na jivu, na mvua kubwa huweza kulisomba jivu hilo na kuzifichua, kama wengi wa wanajiolojia walivyoeleza kuhusu korongo lililoikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi Machi 2018. Alama yake ni mstari: mashimo mawili au matatu yaliyopangana, mara nyingi yakivuka mpaka hadi kwa majirani, au ufa kwenye uzio unaofuatana na ufa kwenye barabara.

*Kazi isimame* na watu waondoke mara shimo linapofunguka, hata likiwa dogo kama sufuria, kwa kuwa mdomo wa juu huwa mwembamba kuliko tumbo lake. Zungushia kamba umbali wa mita kumi, zuia magari mazito, ijulishe ofisi ya kaunti, na umwite mwanajiolojia pamoja na mhandisi. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kukuonyesha uvungu unaishia wapi.

Dalili: kuta za mtaro zinaporomoka

Tazama kwanza ulikoweka udongo uliochimbwa. Mara nyingi kabisa umerundikwa ukingoni, na uzito wake ndio unaosukuma ukuta. Usogeze umbali usiopungua kina cha mtaro. Sababu inayofuata ni mvua ya usiku, kisha ardhi yenyewe kuwa legevu, kama jivu la Nakuru au mchanga wa kando ya mito, na mwisho ni tipa au mashine ya kuchanganyia zege iliyosimama karibu mno. Kwenye ardhi legevu mtaro uchimbwe kwa kingo zilizolala badala ya wima, au uwekewe mbao na vizuizi.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu apumue, hata kichwa chake kikiwa nje. *Kazi isimame* katika mtaro wowote unaozidi mita 1.2 ambao kuta zake hazijategemezwa wala kulazwa, na mtu asiingie kumalizia kidogo kilichobaki.

Dalili: sululu inagonga mwamba

Kuanzia Riat hadi Maseno, Vihiga na Kakamega, mwamba ni sehemu ya mandhari, na anayejua majabali ya Kit Mikayi kule Seme hashangai kukutana na nduguze chini ya shamba lake. Swali la kwanza ni kama hilo ni jiwe lililojitenga au ni mwamba mama. Fukua pande zote nne. Likiwa na ukingo unaoweza kuuzunguka, ni jiwe, na linaweza kuvingirishwa nje au kupasuliwa. Lisipoonyesha mwisho, piga mtaimbo kila mita moja kwenye mstari wote wa msingi na uandike kina ambacho chuma kimegonga.

Watu huufurahia mwamba mama, na kweli hauna mfano kwa kubeba nyumba ukiwa chini ya nyumba nzima. Tatizo hutokea unapokuwa chini ya nusu moja tu, kwa maana nusu iliyo juu ya mwamba haitashuka hata milimita huku nusu iliyo juu ya udongo ikishuka, na ufa utapita hasa pale zinapokutana. Ama udongo wa upande laini uondolewe mpaka mwamba upatikane, ama mhandisi aweke kiungo kitakachoziacha nusu hizo zisogee kila moja kivyake.

Kupasua kwa moto wa kuni na maji ya baridi ni ujuzi wa zamani na bado unatumika, lakini vipande vya mwamba huweza kuruka kama risasi, kwa hiyo watu wakae mbali na macho yakingwe. Siku hizi uko unga wa kupasulia unaochanganywa na maji na kumiminwa kwenye mashimo yaliyotobolewa, nao huvimba na kulipasua jiwe bila mlipuko, na karibu na nyumba za watu ningeuchagua huo. *Kazi isimame* mtu akipendekeza baruti bila leseni. Vilipuzi vina sheria yake, na hulipuliwa na aliyeidhinishwa peke yake.

Dalili: kifusi kilichojazwa kinaendelea kubonyea

Kilijazwa chote mara moja, na jibu huwa hilo mara tisa katika kumi za kwangu. Maramu ya kimo cha mita moja ikimwagwa na tipa kisha ikakanyagwa juu na mashine, sentimita ishirini za juu hukaza na zilizobaki hubaki kama zilivyodondoka. Matabaka yasizidi sentimita 15 kwa mashine ndogo ya kushindilia na sentimita 10 kwa nyundo ya mkono. Unyevu nao upimwe. Finyanga ngumi moja ya maramu, iachie idondoke kutoka kimo cha kiuno. Ikigawanyika vipande viwili au vitatu inafaa, ikisambaa kama unga ni kavu mno, na ikibonyea bila kuvunjika imezidi maji.

Isipokuwa hivyo, chunguza kama kifusi kilichanganywa na udongo wa juu wenye mizizi, au kama tabaka la majani halikukwanguliwa kabla ya kujaza. Tiba ni kuondoa na kurudia. Kumwagilia maji kwa siku tatu ili kikae chenyewe hakushindilii mfinyanzi hata kidogo.

Dalili: vipimo vya kiwanja havilingani na ramani

Anza na futi kama kipimo cha urefu. Kiwanja kinachoitwa hamsini kwa mia ni cha futi, sawa na mita 15.24 kwa 30.48, na mlalo wake wa pembe kwa pembe ni mita 34.08. Wauzaji hukiita thumuni ya ekari ingawa kimepungukiwa na futi za mraba 445. Kisha tazama mteremko, kwani ramani hupima usawa, si urefu wa ardhi. Kwenye mteremko unaoshuka mita 6 katika mita 30, anayelaza futi ya kupimia ardhini hupoteza zaidi ya nusu mita. Futi ikazwe ikiwa sawa kwa mpira wa maji, na ncha yake ishushwe kwa timazi.

Pembe za nyumba zihakikishwe kwa pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, au za 6, 8 na 10 ukipata nafasi. Nyumba ya mita 9 kwa 12 huwa na milalo miwili ya mita 15 kamili, na milalo ikitofautiana zaidi ya sentimita moja, kamba zikazwe upya kabla ya mtu kushika sululu.

Ikiwa futi, mteremko na pembe ni sawa na bado upungufu upo, bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na mpima ardhi, imesogezwa, imeng'olewa, au haikuwahi kuwapo. Katika maeneo mengi ya magharibi mpaka halisi ni ua wa minyaa, ambao Waluo huuita ojuok, na ramani ya masjala huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. *Kazi isimame* hapo. Usirudishe bikoni mwenyewe hata ukiiona imelala kando ya shimo lake, kwa kuwa kuihamisha ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Mpima ardhi mwenye leseni ndiye huirudisha, na mgogoro wa mpaka hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama.

Dalili: mizizi na mchwa

Visiki ving'olewe na mizizi yao minene, visikatwe usawa wa ardhi na kufunikwa, maana vitaoza na kuacha uvungu. Mkaratusi mkubwa uliokatwa juu ya udongo mweusi huleta shida ya ziada, kwani ulikuwa ukinywa maji mengi, na ukiondoka udongo huo utavimba kwa miezi, pengine hata miaka. Ukate angalau msimu mmoja kabla ya kujenga. Kichuguu kisisawazishwe kwa jembe tu, bali kichimbwe hadi vyumba vya chini, kijazwe upya, na dawa ya mchwa inyunyizwe na aliyefunzwa kabla ya karatasi ya nailoni na zege la sakafu, isije ikamwagika kisimani.

Dalili: alama ya X nyekundu ukutani

Mara nyingi maana yake ni kwamba ujenzi umeanza kabla ya idhini ya kaunti inayotakiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, au mradi haujasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Sababu nyingine ni kukaribia mto, nguzo za umeme au akiba ya barabara (ardhi iliyotengewa barabara). Soma notisi, nakili nambari yake, uipeleke kwenye ofisi iliyoitoa ndani ya muda uliotajwa. Kuipaka rangi juu hakuiondoi kwenye faili.

Unapomwita mtaalamu

Mpe picha za mashimo zenye futi ya kupimia ndani yake, kina cha kila tabaka kwa kila shimo, tarehe ya mvua ya mwisho, kimo cha maji jioni na asubuhi, na sampuli ya kilo mbili kutoka kila tabaka ikiwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa na kuandikwa kina chake. Mashimo usiyafukie kabla hajafika, ila kama yameanza kuporomoka.